Ukurasa Uliosomwa Kinyumenyume

Kiwandani walimwita Jicho. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, na hata mlinzi wa getini aliyemfungulia kila asubuhi hakulijua. Alikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji. Kazi za chumba kile alizifanya kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote vitabu vitatu tu vilimponyoka vikiwa na kosa. Makosa hayo matatu aliyajua kwa ukurasa na mstari, kama mtu anavyojua makaburi ya kwao.

Chumba cha masahihisho kilikuwa nyuma ya mitambo, kidogo, chenye dirisha moja la kioo cha ukungu na sakafu iliyotetemeka mchana kutwa. Ndani yake zilitazamana meza mbili. Ya pili ilikuwa ya mwenzake, mama wa makamo, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mswada kwa sauti huku Jicho akifuatisha kwenye prufu kwa ncha ya kalamu nyekundu. Msomaji wa namna hiyo hutakiwa kutamka kila alama, usije mkato mmoja ukapotea njiani. Kwa hiyo kutwa mama yule alisema mkato, nukta, fungua mabano, funga mabano. Wakamwita Nukta. Ilisemekana kwamba hata akigombana na mumewe humwambia, "Toka mbele yangu, nukta."

Kabla ya Nukta kuja, msomaji alikuwa Jicho mwenyewe, kwa miaka kumi na mmoja, na kazi hiyo ilimwachia koo bovu. Sauti yake ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Miaka sita nyuma alinunua sokoni dawa ya matone, chupa ndogo ya rangi ya kahawia yenye picha ya mwezi. Muuzaji alimwambia kwamba ndani yake mna madini safi ya fedha, ileile ya pete na vikombe vya wafalme, na kwamba fedha haiozi wala haiachi kitu kioze. Jicho alimwamini, maana alimchagua mwenyewe. Tangu siku hiyo alikunywa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na chupa ilikaa katika mfuko wa shati, ubavuni mwa kalamu nyekundu.

Wawili wakishamaliza kusoma, Jicho aliusoma ukurasa mara ya pili peke yake, na mara hii aliusoma kinyumenyume. Alianzia neno la mwisho chini kulia, akarudi nyuma neno kwa neno mpaka la kwanza juu kushoto. Alifundishwa hivyo na mzee aliyemtangulia kwenye kiti kile. Mtu akisoma kwenda mbele, mzee alimwambia, maana ya maneno humchukua kama maji ya mto, na maana ni mwongo: hukuonyesha neno linalostahili kuwapo, si neno lililopo. Soma kurudi nyuma, na kila neno litasimama peke yake mbele yako kama mshtakiwa.

Jicho aliupenda sana mfano huo wa mshtakiwa. "Mimi sisomi," alizoea kusema, "mimi nakagua." Mikononi mwake vilipita vitabu vya ufugaji wa nyuki, vya sheria za ardhi, vya ukunga, naye akatoka humo bila kujua lolote kuhusu nyuki, ardhi wala uzazi. Alijivunia jambo hilo. Mtu akianza kujivunia kutojua, hata kama kutojua huko ni sehemu ya kazi yake, ajue amekwisha kuufungua mlango mbaya. Jicho aliufungua nyumbani kwake.

Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi na mwanawe wa pekee, fundi majokofu, na mke wa huyo mwana, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa na miaka miwili katika nyumba ile. Mkwe alikuwa mhudumu katika zahanati ya mtaa, mwanamke kijana wa mwendo wa haraka na kicheko cha karibu, aliyemwita Jicho "baba" tangu siku ya kwanza. Alipika vizuri. Mwaka wa kwanza Jicho mwenyewe alilikiri hilo mbele za watu.

Mwaka wa pili dada yake Jicho akaja kuwatembelea. Hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu. Alisimama mlangoni na mfuko wake mkononi, na kabla hata ya salamu akasema, "Kaka, mbona umekuwa rangi ya sufuria?"

Jicho akacheka, akidhani ni utani. Dada hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka dirishani, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua chungu. Alikuwa anasema kweli. Jicho aliyekuwa mweusi wa kung'aa sasa alikuwa na uso wa kijivu, na ndani ya kijivu hicho mlikuwa na ubuluu kidogo, kama bati lililonyeshewa miaka mingi. Midomo ilikuwa hivyohivyo. Kwenye mashina ya kucha kulikuwa na wingu. Rangi ilikuja polepole, na mtu anayeishi na uso wake mwenyewe ndiye wa mwisho kuuona.

Dada aliuliza kwa sauti ya chini, vyombo vikigongana jikoni, ni nani anayempikia. Jicho akajibu, nani mwingine. Dada akasema yeye hajasema kitu. Aliketi, akaweka mfuko magotini, akarudia kwamba hajasema kitu kabisa, ila watu wa zamani walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wapo watu ambao hawasemi uongo maishani mwao. Huuliza tu, kisha wakaondoka na mikono safi, na mwenye nyumba akabaki na moto.

Alipoondoka, Jicho akafanya lile alilolijua. Akakagua. Alipopakuliwa supu aliitazama rangi, akainusa, akavizia mwana ageuke ili abadilishe bakuli lake na la mwanawe. Mwana, aliyerudi kazini amechoka, alikula bila kutazama na akabaki mweusi vilevile. Mtu mwingine angepata faraja. Jicho alihesabu hilo kuwa ushahidi: basi huyu mwanamke anajua kwamba nabadilisha. Hiyo ndiyo hali ya mtu mwenye dhana mbaya. Ukimletea ndiyo anashiba, ukimletea hapana anashiba.

Alinunua daftari akaligawa kwa mistari. Upande mmoja aliandika kilichopikwa, upande mwingine hali ya kucha zake, na pembeni alitia zilezile alama nyekundu za prufu: hii ifutwe, hii iulizwe, hii irudishwe. Siku moja alivua shati mbele ya kioo. Uso, shingo na mikono vilikuwa kijivu, lakini kifua na tumbo vilikuwa kama alivyozaliwa. Badala ya kujiuliza ni nini kinachoupata uso na kisicholipata tumbo, kama si jua, yeye aliamua kwamba sumu inapitia vitu anavyoshika: kikombe, taulo, kola ya shati lililopigwa pasi na mkwe. Akaanza kujifulia, kujipigia pasi na kukifungia kikombe chake kabatini.

Kazini alianza kula mkate mkavu na mayai ya kuchemsha, kwa sababu yai halifunguliwi na mtu kisha likafungwa tena. Nukta alimtazama wiki nzima akimenya mayai.

"Umegeuka kenge, bwana?" akamuuliza.

Jicho akasema ni amri ya tumbo. Nukta akasema tumbo lake Jicho basi lina adabu ya ajabu, linaagiza mayai tu. Kisha akaacha utani, akamwambia hiyo rangi yake haimpendezi, aende akaonwe. Jicho akamenya yai jingine. Hilo nalo aliliandika katika daftari, na kando yake akatia alama ya kuuliza.

Nyumbani mkwe hakuwa kipofu. Alipoona sahani inarudi imejaa jioni ya tatu, alimuuliza, "Baba, chakula changu kina nini?" Akajibiwa ni tumbo. Basi mkwe akamwomba aje zahanati, daktari amtazame. Rangi ile si ya tumbo peke yake. Alimwomba mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mara ya mwisho akiwa amekwisha kumpangia siku. Jicho aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Anataka nipelekwe mahali pake.*

Wakati huo ndipo kiwandani ikaingia kamusi ya maneno ya sayansi. Mtungaji wake, mwalimu mmoja wa chuo, hakuyapanga maneno kwa alfabeti tu. Aliyaweka kwa ukoo, kila mzizi na watoto wake. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne ulikuwa wa ukoo wa neno la Kiyunani *argyros*, yaani fedha, madini yale meupe. Mwenyewe alieleza juu ya ukurasa kwamba neno hilo nalo lilitokana na jingine lenye maana ya kung'aa. Chini yake walijipanga watoto: argiria, argirodaiti, argirofili, argironeta, na mwisho kabisa hidrargiri.

Nukta alisoma, Jicho akafuatisha, wote wawili wakifuata herufi na alama, si maana. Kesho yake Jicho akakaa na ukurasa peke yake na kuanza kurudi nyuma. Neno la kwanza kukutana nalo lilikuwa *sumu*. Kisha *ni*. Kisha *wake*. Kisha *mvuke*. Kalamu ikasimama. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ukaguzi wa pili: aliusoma mstari ule mmoja kwenda mbele. "Hidrargiri: jina la kale la zebaki, yaani fedha iliyo kama maji; mvuke wake ni sumu."

Zebaki aliijua. Ndicho kile kijimaji kinachong'aa ndani ya kipimajoto. Na vipimajoto viko zahanati.

Moyo ulimwenda mbio, si kwa hofu tu. Ulikuwa na furaha ndani yake, na furaha hiyo ndiyo ya kuaibisha. Alikuwa amepata alichokitaka, na mtu akishapata anachokitaka haendelei kutafuta. Akarudia desturi yake. Akapanda ukurasa kinyumenyume, neno kwa neno, akampita buibui wa argironeta anayeishi ndani ya maji katika kiputo cha hewa kinachong'aa kama fedha, akazipita seli za argirofili zinazoivuta fedha zikaonekana kwenye hadubini, akalipita jiwe la argirodaiti, akaipita mistari minne ya juu iliyomhusu yeye mwenyewe. Mistari hiyo aliikuta haina kosa. Akatia sahihi.

Jioni hiyo alimuuliza mkwe, kwa upole usio wa kawaida, kama zahanati bado wanatumia vipimajoto vya kioo. Mkwe alifurahi. Ilikuwa wiki kadhaa baba hajamsemesha. Akasema vipo vichache, na wiki iliyopita kimoja kilimvunjikia mkononi, na zile shanga zikatawanyika sakafuni, huzishiki, ukikaribia zinakimbia kama watoto wa panya. Alizikusanya kwa karatasi mbili na kuzitia kwenye chupa ya maji, kama walivyofundishwa. Alisimulia akicheka. Jicho alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaenda chumbani kwake na kuandika barua.

Aliiandika kwa daktari mkuu wa zahanati. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, isiyo na kosa hata moja. Ilisema kwamba mhudumu fulani anachukua zebaki kazini, kwamba mzee anayeishi naye anabadilika rangi, na kwamba mwandishi anaomba vyombo vihesabiwe. Aliisoma kinyumenyume kabla ya kuitia katika bahasha.

Jumapili dada alikuwapo. Jicho alimwita mwanawe na mkwe sebuleni, akawasomea daftari: tarehe, chakula, kucha. Aliposema zebaki, mwana alisimama, akaketi tena.  Dada alikuwa anatazama ukuta.

"Baba, litaje neno lenyewe," mkwe akasema mwishowe. "Usilizunguke. Unasema mimi ninafanya nini?"

"Unanilisha sumu."

"Haya. Nimelisikia."

Aliingia chumbani, akatoka na begi moja, akaenda kwa mama yake, mitaa miwili kutoka pale. Mwana alimfuata mpaka mlangoni na Jicho akamwita arudi. Akamwambia mke hupatikana na baba hapatikani; amwache huyu mwanamke, au ahesabu kwamba amemzika baba yake kwa mkono wake. Mwana, aliyezoea vitu vyenye nyaya na gesi na sababu, aliomba siku thelathini za kufikiri. Jicho akampa, kama hakimu.

Kesho yake barua ilisomwa zahanati katika kikao cha asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, na mkwe amesimama. Daktari mkuu hakumhukumu, lakini alimwambia akae nyumbani mpaka vyombo vikaguliwe na wakubwa waamue. Habari hiyo ilivuka mtaa kabla ya saa sita mchana. Mama yake alipokwenda kununua sabuni, muuza duka alimuuliza binti amepata ruhusa ndefu ya nini.

Dada akahamia kwa kaka yake kupika. Wiki mbili zikapita, na wiki ya tatu, na rangi haikupungua. Jicho alieleza kwamba sumu imekwisha kuingia mifupani. Koo lilizidi kumwasha kwa maneno mengi ya siku zile, akaongeza kijiko cha tatu cha matone asubuhi na cha tatu jioni.

Siku ya ishirini na mbili kati ya zile thelathini, prufu ya tatu ya kamusi ikarudi. Mtungaji alikuwa ameongeza mistari sita katika ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Kiwandani palikuwa na sheria isiyovunjwa: maandishi mapya lazima yasomwe na watu wawili, kwa sauti, kwenda mbele, hata kama ni neno moja. Lakini Nukta alikuwa ameng'olewa jino jana yake. Shavu lilikuwa limevimba kama limefichwa limau, na daktari wa meno alimkataza kufungua mdomo. Alimwonyesha Jicho kwa kidole: soma wewe, mimi nafuatisha. Wakabadilishana karatasi. Ilikuwa miaka mingi Jicho hajasoma kitu kwa sauti, kwenda mbele, kuanzia mwanzo.

Akasafisha koo, akaanza kwa sauti yake ya mlango mbovu, akitamka alama kama inavyotakiwa.

"Argiria, nukta pacha. Hali ya ngozi kugeuka rangi ya kijivu na ubuluu kwa kuingiwa na madini ya fedha mwilini, nukta. Huonekana zaidi mahali panapopigwa na jua, mkato, yaani uso, mkato, shingo na mikono, mkato, na pia kwenye ufizi na mashina ya kucha, nukta."

Akanyamaza. Mitambo ilikuwa inaitetemesha sakafu. Nukta, kalamu mkononi, alisubiri, akainua macho, akagonga meza: endelea.

"Huwapata hasa," Jicho akaendelea polepole, "watu wanaokunywa dawa zenye fedha kwa muda mrefu, mkato, kwa mfano matone ya koo au ya pua yanayouzwa bila idhini ya daktari, nukta. Huja polepole, mkato, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa moyo au sumu, nukta. Rangi hiyo haitoki."

Hakusema nukta ya mwisho. Nukta alikuwa amekwisha kuweka kalamu chini. Alimtazama Jicho usoni, akatazama kucha zake zilizoshika karatasi, kisha macho yakashuka mpaka mfuko wa shati na yakabaki hapo. Mwanamke huyo ambaye kwa miaka mingi hakupitisha alama bila kuitamka hakuweza siku ile kutamka kitu, na pengine ni heri. Alinyosha mkono juu ya meza zile mbili, akafungua kiganja. Jicho akatoa chupa akampa. Nukta akasoma maandishi yaliyokuwa chini ya picha ya mwezi, akaigeuza ili Jicho naye ayasome. Kwa miaka sita Jicho aliyaona kila siku. Fedha safi, yalisema, kwa koo safi.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Jicho alilia, au kwamba alikimbia. Alikaa. Alipanda na kushuka ile mistari sita na ile minne ya kwanza, kwenda mbele, mara nyingi, na katika kila mstari alijikuta yumo. Alikumbuka kwamba mistari minne aliipitisha kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba sahihi yake ilikuwa palepale pembeni. Kisha akamaliza kazi ya siku ile, kwa sababu ilikuwa kazi, na akaondoka saa ya kuondoka.

Nyumbani alimweleza dada. Dada alisikiliza, akapaka siagi kwenye mkate, akasema, "Mimi sikusema kitu, kaka. Wewe ni shahidi."

"Hukusema," Jicho akakubali. "Niliyesema ni mimi."

Akaenda mitaa miwili mpaka kwa mama wa mkwe. Alimkuta mwanawe hukohuko. Alikuwa ameketi kwenye ngazi amekunja mikono ya shati, na begi lake la zana lilikuwa ndani ya mlango, mahali linapowekwa begi la mtu aliyehamia. Basi siku thelathini hazikuwa zimengojwa. Jicho alisimama uani akaeleza yote bila kujitetea, chupa, kamusi, mistari. Hilo tumhesabie, ingawa ni dogo: hakutafuta mtu wa kugawana naye kosa.

Mkwe alisikiliza kutoka mlangoni, bega kwenye fremu. Hakukaribisha mtu ndani. Alipoona baba mkwe amefika mwisho na anatafuta neno la kuomba radhi, alimkatiza.

"Barua yako ya kwanza ilisomwa mbele ya watu kumi na wanane, mimi nimesimama. Andika ya pili. Halafu ukaisome mwenyewe, palepale."

"Sauti yangu mbovu, mwanangu."

"Watanyamaza wakusikie."

Jicho akauliza, baada ya kuisoma, je, atarudi nyumbani. Mkwe akatazamana na mumewe. Akasema hapana, wamekwisha kupata vyumba viwili karibu na karakana. Atamsalimia akimkuta njiani, atamuuguza akiugua, maana ni baba wa mume wake na yeye amesomea kuuguza. Lakini hatampikia tena. "Nitakuwa napakua huku natazama macho yako," alisema. "Siwezi kuishi hivyo. Nawe huwezi."

 Jicho alimtazama mwanawe, kama anayengoja marekebisho, na marekebisho hayakuja.

Aliandika barua ya pili usiku na mchana wa siku mbili; ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa rahisi. Hii aliisoma kwenda mbele, tena na tena, akitafuta mahali alipojihurumia, akapafuta. Siku ya tatu asubuhi alikuwa zahanati, katika kile chumba cha kikao chenye viti vya plastiki na chati za chanjo ukutani. Watu walikuwa kumi na wanane, na yeye wa kumi na tisa. Mkwe hakusimama safari hii. Aliketi kiti cha mbele, mikono mapajani.

Jicho alisoma. Sauti ilikatika mara mbili, na mara zote mbili walinyamaza kweli wakangoja. Alisema kwamba alimshtaki mtu asiye na hatia, kwamba hakuwa na ushahidi ila woga wake na daftari lake, kwamba mshtakiwa ndiye peke yake aliyemwomba mara tatu aje atibiwe, na kwamba kilichomgeuza rangi alikinunua na kukinywa mwenyewe kwa miaka sita. Alipomaliza, daktari mkuu alimwambia mkwe, mbele ya wote, kwamba arudi kazini tangu dakika ile. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaona hapafai, akaacha.

"Umemaliza, baba?" mkwe akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi nina wagonjwa." Akainuka, akachukua koti lake jeupe kwenye msumari.

Daktari alimtazama Jicho ufizi na kucha, akaichukua ile chupa, akamthibitishia yaliyokuwa katika kamusi. Aache matone, avae kofia juani, na asitarajie kurudi alivyokuwa. Akamtuma ukumbini angojee kutolewa damu, ili figo zake nazo zipimwe.

Ukumbini benchi lilikuwa limejaa isipokuwa nafasi moja, kando ya mama mwenye mtoto mdogo. Jicho alipokaribia, mama yule alimtazama uso, akatazama mikono, akamvuta mtoto na kumpakata upande wa pili. Kisha aliuweka mkoba wake kwenye ile nafasi. Wengine wakasogeza magoti. Jicho aliijua namna ile ya kutazama. Alisimama katikati ya ukumbi na karatasi ya maabara mkononi, asijue pa kwenda.

Mkwe alikuwa anapita na trei. Alisimama.

"Mama, toa mkoba," akasema, kwa sauti ya kazi, isiyo na ukali wala upole. "Huyu haambukizi. Ni rangi tu, na ninaijua ilikotoka." Akangoja mpaka mkoba ukaondoka. "Kaa hapo, baba. Utaitwa."

Akaendelea na trei yake.